Mti wa Passy: Historia ya Kupimwa kwa Nguvu ya Dhana

Kwa karne nyingi matabibu na wanafalsafa walijua kwamba dhana ya mtu inaweza kuutikisa mwili wake, lakini walilijua jambo hilo kwa kusimuliana mifano tu. Dhana, katika maana inayotumika hapa, ni uwezo wa akili wa kuumba picha ya jambo lisilokuwepo na kuipokea picha hiyo kana kwamba ndilo jambo lenyewe, hata moyo ukaenda mbio, jasho likatoka, au maumivu yakapungua. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1037, alieleza kwamba mtu hutembea bila shida juu ya ubao uliolazwa ardhini, lakini ubao uleule ukitandazwa juu ya shimo refu huweza kumwangusha, kwa sababu picha ya kuanguka imekwisha kuitawala akili yake na viungo vyake vinaitii. Tena aliona kwamba mgonjwa anayeamini kwa dhati kuwa atapona huweza kusaidiwa na imani hiyo kuliko anavyosaidiwa na tabibu. Michel de Montaigne wa Ufaransa naye aliandika insha nzima juu ya nguvu hiyo, iliyochapishwa mwaka 1580. Kilichokosekana ni kipimo, yaani njia ya kuitenga kazi ya dhana na kazi ya dawa wakati zote mbili zimeingia mwilini kwa pamoja. Njia hiyo ilipatikana mjini Paris na katika kitongoji cha Passy kati ya Machi na Agosti 1784, na walioipata walikuwa wakitafuta kitu kingine kabisa.

Walichokuwa wakikitafuta ni ugiligili wa Mesmer. Franz Anton Mesmer alizaliwa mwaka 1734 katika kijiji cha Iznang, kando ya ziwa lililo mpakani mwa Ujerumani na Uswisi, akasomea udaktari mjini Vienna na kuhitimu mwaka 1766 kwa tasnifu kuhusu athari za sayari kwa mwili wa binadamu. Mwaka 1774 alimtibu mwanamke kijana aliyekuwa na maradhi mengi yasiyoeleweka, akamnywesha dawa yenye chuma na kisha kumfunga mwilini vipande vya sumaku alivyovipata kwa Maximilian Hell, padri Mjesuti aliyekuwa mtaalamu wa elimu ya nyota. Mgonjwa alitikisika, akahisi kitu kikipita mwilini, akapata nafuu. Baadaye Mesmer aligundua kwamba aliweza kupata matokeo yaleyale kwa mikono mitupu, bila sumaku yoyote. Hapo alikuwa amesimama mlangoni pa ugunduzi mkubwa, kwa kuwa alikwisha kuona kwa macho yake kwamba kifaa hakikuwa na kazi. Badala ya kuuliza ni nini basi kilichofanya kazi, alikitafutia kile kifaa mrithi. Alitangaza kwamba ulimwengu umejaa ugiligili mwepesi usioonekana, unaopita katika nyota, ardhi na miili yote yenye uhai, kwamba ugonjwa hutokana na kuziba kwa mkondo wa ugiligili huo, na kwamba tabibu aliyejaliwa anaweza kuuelekeza kwa kugusa au kwa kupunga mikono juu ya mgonjwa. Nguvu hiyo aliiita usumaku wa viumbe hai.

Mwaka 1775, wakati padri Johann Joseph Gassner alipokuwa akivuta umati kusini mwa Ujerumani kwa kupunga pepo, Mesmer alialikwa Munich na kuonyesha kwamba yeye naye aliweza kuwatia watu mitukutiko ileile na kuiondoa bila kumtaja pepo yeyote. Alieleza kwamba Gassner alikuwa akitumia usumaku wa viumbe bila kujua. Waliomsikiliza waliona kwamba elimu imeshinda ushirikina, ingawa kwa kweli kilichobadilika ni jina la kisababishi tu, na hakuna aliyekuwa amethibitisha kuwepo kwa pepo wala kwa ugiligili.

Baada ya mzozo uliohusu mpiga kinanda kipofu Maria Theresia von Paradis, ambaye Mesmer alidai kumrudishia kuona huku wazazi wake na madaktari wa Vienna wakikanusha, tabibu huyo alihamia Paris mwaka 1778. Huko sifa zake zilienea upesi kiasi kwamba wagonjwa walizidi idadi aliyoweza kuigusa kwa mikono, akabuni pipa kubwa la mti wa mwaloni lililopangwa chupa za maji aliyoyatia usumaku, likajazwa maji, vumbi la chuma na vioo vilivyopondwa, kisha likafunikwa kifuniko chenye matundu ambamo zilitoka fimbo za chuma zilizopindwa. Wagonjwa walikaa kulizunguka kwa safu, kila mmoja akiielekeza fimbo mahali penye maumivu, wakiunganishwa kwa kamba iliyopita viunoni mwao, na mapazia yakiwa yameshushwa huku muziki laini ukipigwa. Baada ya muda mmoja wao alianza kukohoa au kucheka, mwingine akalia, kisha mtu mmoja akaangukia katika mitukutiko mikali, na wengine wakamfuata. Hali hiyo iliitwa kilele, kwa maana ya mahali ambapo ugonjwa hufika kabla ya kuvunjika, na palikuwa na chumba kilichowekwa magodoro kwa ajili ya waliofikwa nayo. Mwaka 1783 wafuasi wake waliunda Jumuiya ya Upatanifu, ambayo kila mwanachama aliingia kwa kulipa sarafu 100 za dhahabu ili afundishwe siri.

Mfalme Louis wa 16 aliteua tume ya uchunguzi tarehe 12 Machi 1784. Madaktari wanne walitoka Kitivo cha Tiba cha Paris, na kwa ombi lao wakaongezwa wanasayansi watano wa Akademia ya Sayansi. Miongoni mwao alikuwa Antoine Lavoisier, aliyekuwa akiibadilisha misingi ya kemia. Jean Sylvain Bailly, mtaalamu wa elimu ya nyota, ndiye aliyeiandika ripoti. Alikuwemo pia daktari Joseph Guillotin, ambaye jina lake lilikuja kupewa mashine ya kukatia vichwa, mashine iliyowaua Bailly mwaka 1793 na Lavoisier mwaka 1794. Na alikuwemo Benjamin Franklin, balozi wa Marekani, mwenye umri wa miaka 78, aliyeheshimiwa kote Ulaya kwa utafiti wake wa umeme. Franklin alisumbuliwa na jongo na mawe ya kibofu hata safari ya gari la farasi ikamtesa, na ndiyo sababu sehemu ya majaribio ilifanyiwa nyumbani kwake Passy. Mesmer alikataa kuchunguzwa. Aliyekubali ni Charles Deslon, daktari wa mdogo wake mfalme na mwanafunzi wa Mesmer aliyekuwa amefarakana na mwalimu wake. Mesmer alipinga kwamba Deslon hakuijua elimu yake sawasawa, lakini tume ilishikilia kwamba ugiligili, kama upo, ni uleule kwa wote wawili.

Uamuzi wa kwanza wa wajumbe, ambao haukuwapendeza wafuasi wa Mesmer, ulikuwa kutohesabu waliopona. Walieleza kwamba maradhi mengi huisha yenyewe, kwamba mgonjwa aliyepona baada ya tiba hathibitishi kuwa amepona kwa tiba, na kwamba ingehitajika miaka mingi kuyatofautisha hayo mawili. Kwa hiyo walichagua kupima yale yanayotokea mwilini papo hapo. Walilikagua pipa kwa kifaa cha kupimia umeme na kwa sindano ya chuma, wakakuta halina umeme wala sumaku. Kisha walijiweka wenyewe chini ya mikono ya Deslon, mara moja kwa juma kwa muda wa saa mbili na nusu, na baadaye kwa siku tatu mfululizo. Hawakuhisi chochote ambacho wangeweza kukihusisha na ugiligili. Wagonjwa saba wa tabaka la chini walipoletwa Passy, wanne hawakuhisi kitu na watatu walihisi, na wajumbe wakaanza kujiuliza kwa nini mtu asiyetarajia kitu, au mtoto asiyeelewa anachofanyiwa, mara nyingi hakuhisi kitu.

Kutokana na swali hilo walibuni mbinu ya kufumba macho, nayo ndiyo iliyobaki baada ya mengine yote kusahauliwa. Walianza na mwanamke aliyesema kwamba anahisi joto kila mahali mkono wa tabibu unapoelekezwa, wakamfunga kitambaa machoni. Akaendelea kuhisi joto, lakini sasa alilihisi mahali ambapo mkono haukuelekezwa, na pale ulipoelekezwa hakuhisi. Akili yake ilikuwa ikikisia, na mwili ulifuata makisio.

Jaribio la mti lilifuata. Wafuasi wa Mesmer walifundisha kwamba mti uliotiwa usumaku humwathiri kila mtu mwepesi wa kuathirika anayeukaribia, kwa hiyo Deslon aliombwa amchague mwenyewe mtu wa namna hiyo, naye akamleta mvulana wa miaka 12 hivi. Mvulana aliwekwa ndani ya nyumba wakati Deslon akiutia usumaku mwaprikoti mmoja uliosimama peke yake katika bustani ya Franklin, kisha akatolewa nje akiwa amefungwa macho na kupelekwa kwenye miti minne, mmoja baada ya mwingine, ambayo hakuna aliyekuwa ameigusa. Kwenye mti wa kwanza, baada ya dakika moja, alianza kutoka jasho na kukohoa, akasema kichwa kinamuuma kidogo. Kwenye wa pili aliingiwa na bumbuwazi na maumivu ya kichwa yakaendelea. Kwenye wa tatu dalili ziliongezeka, naye akasema anadhani anaukaribia mti wenyewe, ingawa alikuwa umbali wa zaidi ya mita 10 kutoka kwake. Kwenye wa nne alizimia, viungo vikakakamaa, na ikabidi abebwe hadi kwenye nyasi, ambako Deslon alimhudumia mpaka akazinduka. Hakuwa ameufikia mti uliotiwa usumaku. Deslon alijitetea kwamba miti yote ina usumaku wake wa asili; wajumbe walijibu kwamba kama ni hivyo, basi hakuna mtu mwepesi wa kuathirika ambaye angeweza kupita bustanini bila kuanguka.

Ripoti haikumwita mvulana huyo mwongo, na hilo linastahili kuangaliwa kwa makini. Jasho lile lilikuwa jasho, na kuzimia kule kulikuwa kuzimia; kilichokosekana ni kisababishi alichokiamini, na nafasi yake ilikuwa imejazwa na matarajio yake mwenyewe, yaliyoongezeka kwa kila hatua kwa kuwa alijua kwamba mti wenyewe lazima uwe mbele.

Majaribio mengine yalithibitisha hayo kwa njia kali zaidi. Mwanamke mmoja alifumbwa macho na kuambiwa kwamba Deslon ameingia na anamtia usumaku. Deslon hakuwemo chumbani, lakini baada ya dakika chache mwanamke alianza kutetemeka na kufika kileleni. Nyumbani kwa Lavoisier alipewa vikombe vya maji ya kawaida, kimoja baada ya kingine, akaanza kutikisika na kufika kileleni. Alipoomba maji akapewa, bila kujua, kikombe kilichokuwa kimetiwa usumaku na Deslon, akanywa kwa utulivu na kusema kwamba amepata nafuu. Wajumbe waligeuza jaribio pia upande wa pili: mwanamke mwingine alitiwa usumaku kwa nusu saa kupitia mlango uliozibwa kwa karatasi, huku akizungumza kwa furaha bila kujua kinachofanyika nyuma yake, na hakuhisi lolote; alipoambiwa waziwazi kwamba sasa anatiwa usumaku, mitukutiko ilimjia. Kwa hiyo tume iliweza kusema, katika ripoti iliyotiwa saini tarehe 11 Agosti 1784, kwamba dhana bila usumaku huleta mitukutiko, na usumaku bila dhana hauleti kitu.

Mambo matatu yalitajwa kuwa ndiyo visababishi halisi: mguso wa mikono kwenye tumbo na mbavu, dhana, na uigaji, yaani mwelekeo wa mwili wa mtu mmoja kufuata unachokiona katika mwili wa mwingine, ambao ulifanya kilele cha mmoja kando ya pipa kiwe kilele cha wengi. Kisababishi hiki cha tatu wasomaji wa Afrika Mashariki wana mfano wake wa karibu. Tarehe 30 Januari 1962, chini ya miezi miwili baada ya Uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu katika shule ya bweni ya Kashasha, mkoani Kagera wa leo, walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia; kufikia tarehe 18 Machi, shule ilipofungwa, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameshapatwa, na hali hiyo ikaenea hadi vijijini na katika shule nyingine. Madaktari walioichunguza na kuchapisha taarifa yao mwaka 1963 hawakupata kiini chochote cha maambukizi wala sumu. Waliougua hawakuwa wakiigiza, kama vile mvulana wa Passy hakuwa akiigiza.

Ripoti ya 1784 ilichapishwa kwa maelfu ya nakala na kuuvunja umaarufu wa Mesmer, aliyeondoka Paris na hatimaye kufariki mwaka 1815 mjini Meersburg, si mbali na alikozaliwa. Pamoja nayo iliandikwa ripoti ya siri kwa mfalme, iliyoonya kwamba ukaribu wa tabibu mwanamume na mgonjwa mwanamke katika tiba hiyo ni hatari kwa maadili. Katika tume nyingine, iliyotoka Chama cha Kifalme cha Tiba, mtaalamu wa mimea Antoine-Laurent de Jussieu alikataa kutia saini pamoja na wenzake na kuandika taarifa yake mwenyewe, akisema kwamba baadhi ya mambo aliyoyaona yanahitaji uchunguzi zaidi. Aliyeuliza swali zito kuliko wote, hata hivyo, ni Deslon, ambaye tangu 1780 alikuwa ameandika kwamba kama tiba ya dhana ndiyo inayofaa zaidi, basi kwa nini madaktari wasiitumie. Tume haikumjibu. Wajumbe walikuwa wamethibitisha kwamba matarajio matupu yanaweza kumwangusha mvulana, kisha wakauweka uthibitisho huo kando kama takataka iliyobaki baada ya kuubomoa ugiligili. Hilo ndilo kosa la pekee la uchunguzi uliokuwa bora kuliko wowote wa zama zao.

Aliyeliokota jambo hilo ni John Haygarth, daktari wa mji wa Bath nchini Uingereza. Wakati huo fimbo mbili ndogo za metali, zilizobuniwa na Elisha Perkins wa Connecticut na kupewa hataza mwaka 1796, ziliuzwa kwa bei ya juu mjini London kwa madai kwamba zikipitishwa juu ya ngozi huondoa maumivu. Mwezi Januari 1799 Haygarth alitengeneza fimbo za mbao, akazipaka rangi zifanane na zile za kweli, na kuzitumia kwa wagonjwa watano wa baridi yabisi ya muda mrefu; wanne walisema wamepata nafuu, na kesho yake fimbo za metali zilileta matokeo yaleyale. Tofauti yake na wajumbe wa Paris ilikuwa kwamba aliyaona matokeo hayo yenyewe kuwa ndiyo somo, na kitabu chake cha mwaka 1800 kiliitaja dhana katika jina lake kuwa ni chanzo cha maradhi na pia ni dawa. Aliongeza kwamba dawa za kawaida zenyewe hupata sehemu ya nguvu zao kwa sifa ya daktari anayezitoa, ukweli ambao madaktari wachache wa siku zake walipenda kuusikia.

Upande mwingine wa urithi wa Mesmer ulielekea kwenye usingizi bandia. Padri José Custódio de Faria, aliyezaliwa Goa mwaka 1756, alifundisha mjini Paris mwaka 1813 kwamba hakuna nguvu inayotoka kwa tabibu na kwamba kila kitu hutendeka ndani ya anayelazwa, na James Braid wa Manchester, miaka 30 baadaye, aliupa usingizi huo jina la hipnosisi linalotumika hadi leo.

Katika karne ya 20 dawa tupu, yaani kidonge au sindano isiyo na kiini chochote cha tiba, inayoitwa plasebo, ilikuja kuwa sehemu ya lazima katika upimaji wa dawa nyingi mpya, ambapo mgonjwa na daktari wote wawili hufichwa nani amepewa nini, kama macho yalivyofungwa Passy. Mwaka 1978 watafiti wa California waliwapa plasebo watu waliotoka kung'olewa meno, na baadhi yao maumivu yalipungua. Walipopewa naloksoni, dawa inayozuia kazi ya afyuni mwilini, nafuu hiyo ilipotea. Ilidhihirika kwamba matarajio ya nafuu yaliweza kuufanya ubongo utoe viini vyake vya kutuliza maumivu, vinavyoitwa endofini, na kwamba dhana ina njia yake ya kimwili ya kupita.

Njia hiyo ina mipaka, na mipaka yake ilionekana waziwazi katika utafiti wa pumu uliochapishwa Marekani mwaka 2011. Wagonjwa walewale walipewa, kwa nyakati tofauti, dawa halisi ya kuvuta, dawa tupu ya kuvuta, sindano bandia za tiba ya Kichina, au hawakupewa kitu. Walipoulizwa wanajisikiaje, waliopata dawa halisi walitaja nafuu ya asilimia 50, waliovuta dawa tupu asilimia 45, waliodungwa sindano bandia asilimia 46, na wale wasiopewa kitu asilimia 21. Walipopulizishwa kwenye mashine inayopima pumzi, dawa halisi ilikuwa imeongeza kiasi cha hewa kwa asilimia 20, na hali nyingine zote tatu kwa takriban asilimia 7.